Galoni ya Nani? Vile Utageuza Vipimo vya Majuu Kuwa Lita Bila Kujichoma

Saa tano usiku. Mtoto wa siz anawaka homa. Kwa kabati kuna chupa ya dawa ya maji, ile anti alileta Disemba akitoka Texas. Kwa karatasi ya chupa imeandikwa "tsp". Wewe umeshika kijiko cha supu, na mathe ako kwa simu anasema, "Mpe tu kijiko kimoja."

Kijiko gani sasa?

Hapo ndio stori ya vipimo inaacha kuwa mambo ya shule. Wengi wetu tulisoma lita na mililita tukadhani tumemaliza. Kumbe simu imetuletea dunia ingine. Resipi za TikTok ziko na vikombe. Chupa kubwa za maji za watu wa jimu ziko na aunsi. Bei ya mafuta ghafi inatajwa kwa mapipa. Msee wa YouTube anasifia ndai kwa maili kwa kila galoni. Vitu vingi tunavyocheki vinatoka Marekani, na Marekani bado inapima vitu vya kila siku kivyake.

Shika hii mapema: hesabu si ngumu, hata simu yako itaifanya. Balaa iko kwa majina. Galoni ziko mbili. Painti ziko mbili. Aunsi ziko tatu. Na kikombe ndio usiseme. Kwa hivyo kila ukiona namba ya majuu, kabla ushike kalkuleta, jiulize swali moja: galoni ya nani?

NGAZI YENYEWE

Vipimo vya maji vya Marekani vimepangwa kama ngazi. Ukijua ngazi, umejua kila kitu. Tuanze chini tukipanda, na kando yake tuweke mililita:

Kijiko cha chai, kwa chupa kinaandikwa tsp: 4.93 ml. Kwa matumizi ya kawaida ni 5 ml.

Kijiko kikubwa cha mezani, tbsp: vijiko vya chai 3, yaani 14.8 ml. Sema 15 ml.

Aunsi ya maji, fl oz: vijiko vikubwa 2, yaani 29.57 ml. Sema 30 ml.

Kikombe, cup: aunsi 8, yaani 236.6 ml.

Painti, pt: vikombe 2, yaani aunsi 16, yaani 473 ml.

Kwati, qt: painti 2, yaani 946 ml. Karibu lita moja, lakini haijafika.

Galoni, gal: kwati 4, yaani aunsi 128, yaani lita 3.785.

Pipa la mafuta ghafi, bbl: galoni 42, yaani lita 159.

Umeona mtindo? Kutoka kikombe kwenda painti ni mara mbili. Painti kwenda kwati ni mara mbili. Kwati kwenda galoni ni mara nne. Hakuna kumi kumi kama zetu. Ndio maana Mmarekani akitaka kujua galoni tatu zina vikombe vingapi anakuna kichwa kidogo. Wewe ukitaka kujua lita tatu zina mililita ngapi, unaongeza tu masifuri.

KWA NINI ZIKO MBILI?

Hii ndio sehemu watu hupotelea, so tulia.

Zamani Uingereza walikuwa na galoni kadhaa. Kulikuwa na ya divai, kulikuwa na ya bia, na kila biashara na yake. Wakati wa Malkia Anne, mwanzoni mwa karne ya 18, sheria ilisema galoni ya divai ni inchi 231 za ujazo. Makoloni ya Amerika yaliitumia hiyo, na hata baada ya kujitangazia uhuru mwaka wa 1776 wasee hawakuibadilisha. Inchi 231 za ujazo ukizigeuza unapata lita 3.785. Hiyo ndio galoni ya Marekani mpaka leo.

Mwaka wa 1824 Waingereza nao wakaamua kusafisha nyumba. Wakafuta galoni zote za zamani wakaunda moja mpya, iliyopimwa kwa uzito wa pauni 10 za maji. Hiyo ikatoka kubwa zaidi, lita 4.546. Lakini Marekani ilikuwa nchi yake tayari, haikuwa inasikiza mtu. Ikabaki na ile ya zamani.

Kwa hivyo galoni ya Uingereza inashinda ya Marekani kwa karibu asilimia 20. Painti pia, vivyo hivyo: ya Marekani ni 473 ml, ya Uingereza ni 568 ml. Ukisikia shabiki wa Arsenal ako London anasema amekunywa painti tatu, hiyo ni lita 1.7. Mmarekani akisema painti tatu, ni lita 1.4. Tofauti hapo ni kama glasi moja nzima.

Halafu kuna kitu cha kuchanganya. Aunsi ya maji ya Uingereza ni ndogo kuliko ya Marekani: 28.4 ml dhidi ya 29.6 ml. Sababu ni kwamba painti ya Uingereza imekatwa vipande 20, na ya Marekani vipande 16. Painti kubwa, vipande vingi, kila kipande kidogo.

Sisi tunaingiaje hapo? Kenya ilitawaliwa na Mwingereza, so galoni iliyokuja na treni ilikuwa ile kubwa. Muulize guka kuhusu drum ya mafuta, anaweza kukuambia ni "galoni 44". Mmarekani akiona drum kama hiyo anaiita ya galoni 55. Hakuna mwenye anadanganya. Galoni 44 za Uingereza ni lita 200, na 55 za Marekani ni lita 208. Ni ile ile ya chuma yenye watu huweka maji kwa ploti, majina tu ndio mawili. Na kwa mtaa galoni si kipimo hata. Ni mtungi wowote wa plastiki uko na mkono. Ukisema "leta galoni" unaweza kuletewa ya lita 3, 5 au 20. Hiyo sasa ni galoni ya tatu, ya kwetu, na haina hesabu.

HESABU YA KICHWA

Huhitaji kukariri 3.785411784. Shika hizi nne tu.

Ya kwanza: aunsi kwenda mililita, zidisha kwa 30. Kopo la soda la Marekani ni aunsi 12. Mara 30 ni 360. Ukweli ni 355. Umekosea kidogo sana, na kwa kinywaji hakuna mtu atakushika.

Ya pili: galoni kwenda lita, zidisha kwa 4 kisha utoe asilimia 5. Galoni 5: mara 4 ni 20, toa 1, unabaki na 19. Ukweli ni 18.9. Galoni 100: 400 toa 20, ni 380. Ukweli ni 378.5. Safi.

Ya tatu: lita kwenda galoni, gawanya kwa 3.8. Mtungi wa lita 20 ni galoni 5.3 za Marekani. Kwa ile ya Uingereza ni 4.4.

Ya nne: kwati kwenda lita, toa asilimia 5. Kwati 5 ni lita 4.73.

Lakini hizi ni za soda, supu na stori za mtaani. Ukifika kwa dawa, kemikali ama petroli ya pesa nyingi, wacha kichwa upumzike, tumia namba kamili.

Cheki vile kosa dogo linakua. Unaangalia video ya mkulima wa majuu, anasema tangi lake ni galoni 1,000. Kama ni Mmarekani, hiyo ni lita 3,785. Kama ni mtu anatumia galoni ya Uingereza, ni lita 4,546. Tofauti ni lita 761. Hiyo ni mitungi 38 ya lita 20. Kama mtaani kwenu maji hununuliwa kwa mkokoteni, unajua hiyo ni pesa ngapi.

JIKONI: KIKOMBE NI MTEGO

Resipi nyingi za mtandaoni zinasema "kikombe kimoja". Kwa Mmarekani, kikombe ni kipimo rasmi, 236.6 ml. Kwa karatasi za lishe nyuma ya vyakula vyao wanahesabu 240 ml. Seti nyingi za vikombe vya kupimia zinazouzwa kwa supamaketi zetu ni 250 ml. Kile kikombe kidogo kinachokuja na mtambo wa kupika wali wa umeme ni 180 ml. Na kikombe cha chai kwa keja yako hakuna mtu anajua. Kinaweza kuwa 200, kinaweza kuwa 350 kama ni kile kikubwa cha plastiki.

Dawa yake ni hii: kama resipi yote imeandikwa kwa vikombe, tumia kikombe kimoja hicho hicho kutoka mwanzo hadi mwisho. Unga vikombe vitatu, maziwa kikombe kimoja, sukari nusu. Ukitumia kikombe kimoja, uwiano unabaki sawa hata kama kikombe si cha Mmarekani. Shida inakuja kwa vitu havipimwi kwa kikombe, kama mayai na hamira. Ukitumia kikombe kikubwa sana na bado uweke yai moja, mandazi zako zitakataa kusikia.

Vipande vya kikombe, kama unataka kupima kwa mililita:

Robo kikombe: 59 ml
Theluthi moja: 79 ml
Nusu: 118 ml
Robo tatu: 177 ml

Sasa ile aunsi ya tatu. Kuna aunsi ya maji, fl oz, na kuna aunsi ya uzito, oz tu. Ya uzito ni gramu 28.35. Kwa maji, hizi mbili zinakaribiana hadi huoni tofauti. Kwa unga, ngoma inabadilika. Resipi ikisema "8 oz" za unga, inamaanisha uzito, gramu 227. Wewe ukikumbuka kwamba kikombe ni aunsi 8 na ukaweka kikombe kimoja, utakuwa umeweka kama gramu 125. Umeweka nusu na kidogo. Keki itatoka uji, halafu utalaumu jiko.

Sheria ya kukumbuka: kitu cha kumimina, soma kama ujazo. Kitu kikavu kimeandikwa oz, soma kama uzito. Kama una mizani, tumia mizani. Haidanganyi.

SHEREHE NA MANENO YA MA-RAPA

Umeimba hizi vitu miaka yote bila kujua ni lita ngapi. Wacha tufungue.

"Forti" ni chupa ya bia ya aunsi 40. Hiyo ni lita 1.18. Ni kama chupa mbili za bia za hapa, zile za 500 ml, na kitu juu yake.

"Fifthi" ni moja ya tano ya galoni, na zamani pombe kali Marekani iliuzwa kwa kipimo hicho. Ni 757 ml. Leo chupa zao zimehamia 750 ml, yaani ni mzinga wako wa kawaida. Jina tu ndio limebaki.

Shoti moja kwa baa nyingi za Marekani ni aunsi moja na nusu, yaani 44 ml. Mzinga mmoja unatoa shoti kama 17. Kama unafuata resipi ya kokteli ya majuu, usimwage tu kwa macho, kwa sababu "aunsi mbili" ni 60 ml na glasi yako haijaandikwa kitu.

Kopo la aunsi 12 ni 355 ml. Makopo sita ni lita 2.13.

Na usidhani Mmarekani hajui metriki. Soda yao kubwa inauzwa kwa chupa ya lita 2. Divai yao iko kwa 750 ml. Tena sheria yao iliruhusu metriki tangu mwaka wa 1866. Wanajua, wamezoea tu yao.

Perfume nayo? Chupa imeandikwa 3.4 fl oz ni 100 ml. Ile ya 1.7 ni 50 ml. Hii ni muhimu kama unapanda ndege kwenda kutembelea watu wako huko. Sheria ya vimiminika kwenye mkoba wa mkononi, ambayo ilikuja mwaka wa 2006, inahesabu ukubwa wa chupa, si kiasi kilichobaki ndani. Losheni ya 200 ml iliyobaki robo bado ni chupa ya 200 ml. Itabaki hapo kwa meza ya ukaguzi, na wewe utaendelea na safari ukikwaruza.

WATU WA JIMU, HII NI YENU

Kuna ile changamoto ya kunywa galoni moja ya maji kwa siku. Galoni ya nani? Ya Marekani, lita 3.8. Ukichukua mtungi wako wa lita 5 useme "si ni galoni", umeongeza zaidi ya lita moja juu. Na maji mengi kupita kiasi, hasa ukiyabugia kwa muda mfupi, hushusha chumvi kwa damu, na hiyo inaweza kukulaza hospitali. Hata hiyo 3.8 si kila mwili unaihitaji. Kiu yako na rangi ya mkojo wako zinajua zaidi kuliko msee wa Instagram.

Ile sheria ingine ya glasi 8 za aunsi 8 inakuja kwa aunsi 64, yaani lita 1.9. Na kile kikombe kikubwa cha chuma cha aunsi 40 kila mtu anabeba siku hizi ni lita 1.18. Ukikimaliza mara mbili umefika lita 2.4.

Umewahi kujiuliza kwa nini chupa za maji za Marekani zimeandikwa 16.9 fl oz, namba ya ajabu namna hiyo? Ni nusu lita tu. Wameitafsiri.

PETROLI: HAPA NDIO WATU HUCHEZWA

Kila bei ikipanda, kuna mtu hutuma picha ya stesheni ya Marekani: "Cheki, huko ni dola 3.50 tu!" Halafu watu wanaanza kulia. Ngoja kwanza. Hiyo ni kwa galoni, na sisi tunanunua kwa lita.

Tuseme dola moja ni shilingi 130. Gawanya 3.50 kwa 3.785, unapata dola 0.92 kwa lita. Mara 130, ni shilingi 120. Hiyo ndio bei ya kulinganisha na ile EPRA hutangaza tarehe 14 kila mwezi. Ukitumia galoni ya Uingereza kwa makosa utapata shilingi 100. Ukidhani galoni ni mtungi wa lita 5, utapata 91. Picha ni moja, majibu ni matatu, na watu watagombana usiku mzima kwa sababu hakuna aliyeuliza galoni ya nani.

Mafuta ghafi ni vile vile. Habari ikisema pipa ni dola 80, kumbuka pipa ni galoni 42 za Marekani, lita 159. Gawanya: dola 0.50 kwa lita, kama shilingi 65. Hiyo bado haijasafishwa, haijasafirishwa, haijapigwa ushuru. Lakini angalau sasa ukisikia mwanasiasa akirusha namba, unaweza kumkagua kwa simu yako.

Ndai nayo: maili kwa galoni kwenda kilomita kwa lita, zidisha kwa 0.425 kama ni galoni ya Marekani. Kama ni video ya Muingereza, zidisha kwa 0.354. Gari ya "40" kwa Mmarekani inakupa kilomita 17 kwa lita. Gari ya "40" kwa Muingereza inakupa kilomita 14. Ukinunua gari ukiamini 17 kumbe ni 14, kila mwezi mfuko wako utakukumbusha.

Na oili ya injini: kitabu kikisema kwati 5, hiyo ni lita 4.73. Usimwage mtungi wote wa lita 5 juu juu. Mimina kidogo kidogo ukicheki kile kijiti cha kupimia.

NDEGE ILIYOISHIWA MAFUTA HEWANI

Kama bado unadhani hii ni mambo ya walimu, sikiza hii.

Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 ilikuwa inatoka Montreal kwenda Edmonton. Canada ilikuwa katikati ya kuhama kwenda metriki, na hiyo 767 ilikuwa mpya, inahesabu mafuta kwa kilo. Mita ya mafuta ilikuwa na shida, so wakapima tangi kwa mkono. Wakapata lita 7,682. Safari ilihitaji kilo 22,300.

Sasa geuza lita kuwa kilo. Lita moja ya mafuta hayo ina uzito wa kama kilo 0.8. Wao walitumia 1.77. Hiyo 1.77 ni uzito wa lita ile ile, lakini kwa pauni. Namba ilikuwa sahihi kabisa, ni jina lake ndilo lilipotea. Wakaongeza lita 4,916 wakati walihitaji kama 20,000.

Wakiwa futi 41,000 juu, injini zikazima, moja baada ya nyingine. Kapteni Robert Pearson na msaidizi wake Maurice Quintal wakaiteremsha ndege bila injini hadi Gimli, uwanja wa zamani wa jeshi la anga, uliokuwa umegeuzwa mahali pa mashindano ya magari. Watu 69 walikuwa ndani. Wote walitoka hai. Wangeweza kukosa.

Hakuna mtu hapo hakujua kuzidisha. Hesabu ilifanywa, ikarudiwa, na ikatoa jibu lile lile mbaya, kwa sababu walirudia na namba ile ile.

TURUDI KWA MTOTO

Sasa ile chupa ya anti. Fanya hivi.

Moja, weka chini kijiko cha supu. "tsp" ni kijiko cha chai, 5 ml. "tbsp" ni kikubwa, 15 ml. Herufi moja ikikupotea, umempa mtoto dawa mara tatu. Na vijiko vya nyumbani havijatengenezwa kupima, kila seti ina ukubwa wake. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano ama kile kikombe kidogo kilichokuja na dawa. Wamarekani wenyewe wameliona hili: mwaka wa 2015 chama chao cha madaktari wa watoto kilisema dawa za maji za watoto zipimwe kwa mililita pekee, vijiko viachwe jikoni.

Mbili, mililita ikishalingana bado hujamaliza. Angalia nguvu ya dawa, yaani miligramu ngapi ziko ndani ya kila 5 ml. Paracetamol ya watoto inayouzwa sana hapa ni miligramu 120 kwa kila 5 ml. Ile ya Marekani, inayoitwa acetaminophen, huwa ni miligramu 160 kwa kila 5 ml. Kijiko ni kile kile, lakini dawa imezidi kwa theluthi moja. Ukitumia dozi uliyozoea ya chupa ya hapa kwa chupa ya kule, mtoto anapata zaidi ya ulivyopanga. Na kwa sababu majina ni mawili, mtu anaweza kumpa zote mbili akidhani ni dawa tofauti. Ni moja. Ikizidi, inaumiza ini.

Tatu, kipimo cha mtoto kinafuata uzito wake. Kama karatasi ya chupa haieleweki, usikisie. Uliza mfamasia ama daktari, na uende na chupa yenyewe mkononi. Na kama mtoto ni mdogo sana ama homa haishuki, hiyo si kazi ya hesabu tena, ni ya hospitali.

PIGA PICHA HII, UWEKE KWA SIMU

Marekani:
Kijiko cha chai, tsp = 5 ml
Kijiko kikubwa, tbsp = 15 ml
Aunsi ya maji, fl oz = 29.6 ml
Kikombe = 237 ml
Painti = 473 ml
Kwati = 946 ml
Galoni = lita 3.785
Pipa la mafuta ghafi = lita 159

Uingereza:
Aunsi ya maji = 28.4 ml
Painti = 568 ml
Galoni = lita 4.546

Kurudi upande wa pili, kwa vipimo vya Marekani:
100 ml = aunsi 3.4
250 ml = aunsi 8.5
500 ml = aunsi 16.9
750 ml = aunsi 25.4
Lita 1 = aunsi 33.8
Lita 5 = galoni 1.3
Lita 20 = galoni 5.3

Uzito, usichanganye na ujazo: oz = gramu 28.35.

Ukisahau zote, usisahau swali. Mtu akikuambia ni galoni, muulize ya nani. Akisema ni aunsi, muulize ya maji ama ya uzito. Na akisema ni kijiko kimoja, hata kama ni mathe, mwambie pole pole, "Mathe, ngoja kwanza nisome chupa."